Moteri Iko na Nguvu, Ndege Haipandi: Barua za Wenye Kutengeneza Ndege za Zamani Ndani ya Simuleta

Jambo kwenu wote. Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wale wenye kutengeneza ndege za kizamani ndani ya simuleta, si wale wenye kurusha tu zile walizozikuta tayari, na kilio ni kimoja: moteri nimeipa nguvu sawa na kitabu, mbona ndege haiendi sawa na kitabu. Zingine nimezijibu kwa kirefu, zingine mistari miwili, mwenye kuona yake imekatwa asikasirike, rubriki iko na kurasa zake. Wenye jeti na helikopta wavumilie kidogo.

Yaya, jambo. Niko natengeneza DC-3, ile ndege ya zamani ya abiria ya moteri mbili, ndani ya FlightGear (simuleta ya bule) na faili za JSBSim (programu inayopiga hesabu ya vile ndege inaruka). Kila moteri nimeipa nguvu ya farasi 1,200 sawa vile kitabu kinasema, elisi ya mapanga matatu, upana mita 3.5. Kiisha nasukuma gazi yote, moteri inafika mizunguko 1,300 na inagoma palepale, ndege inatambaa tu. Nimeongeza farasi mpaka 2,000, inapanda kidogo, kiisha inagoma tena. Shida iko wapi? (Kijana wa Kamalondo, Lubumbashi)

Mdogo wangu, hizo farasi 2,000 zirudishe kwanza, moteri yako haina kosa. Umesahau gia.

Moteri ya DC-3 ambayo wengi wanaitengeneza ni Pratt & Whitney R-1830, Twin Wasp, silindri 14 kwa mistari miwili ya saba saba, lita 30 hivi, na hizo farasi 1,200 inazitoa ikiwa kwenye mizunguko 2,700 kwa dakika. Lakini elisi yenyewe haizunguki 2,700 hata siku moja. Ndani ya pua ya moteri, nyuma tu ya elisi, kuko gia za kupunguza, 16 kwa 9: kranki (mhimili wa moteri) ikizunguka mara 16 elisi imezunguka mara 9. Piga hesabu, 2,700 mara 9 gawa kwa 16, inakuja kama 1,519. Hiyo ndiyo mizunguko ya elisi wakati wa kuruka.

Faili yako inaamini elisi imefungwa moja kwa moja kwenye kranki. Na elisi iko na tabia moja mbaya, nguvu inayoomba inapanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko, kwa hiyo mizunguko ikizidi mara 1.78 (ndiyo 16 gawa kwa 9) nguvu inayoombwa inazidi mara 5.6. Yaani ili ifike 2,700 hiyo elisi ingekuomba karibu farasi 6,700, na wewe uko na 1,200, ndiyo maana inagomea 1,300 na hata ukiongeza bado inalia. Tena angalia ncha ya panga. Kwa mizunguko 1,519, elisi ya mita 3.5 ncha yake inakimbia mita 278 kwa sekunde, tayari imepita asilimia 80 ya mbio za sauti. Kwa 2,700 ingekuwa mita 495, imepita sauti na kuiacha mbali, na panga likipita sauti linageuza nguvu nyingi kuwa kelele. Wazee waliochora hizi moteri hawakuweka gia kwa urembo.

Kwenye JSBSim andika 1.778 kwenye mstari wa gearratio, pale inataka mizunguko ya moteri igawanywe kwa mizunguko ya elisi. Vitabu vya Kimarekani vya moteri hii vinaandika kinyume, 0.5625, na mwenye kunakili bila kufikiri elisi yake inazunguka kuliko moteri, shida inakuwa kubwa kuliko hii yako ya leo.

Kiisha pima tablo yako ya C_POWER, ile inayosema elisi inaomba nguvu kiasi gani, usiiamini tu kwa sababu umeikuta ndani ya faili ya mtu. Chukua nguvu kwa wati (farasi 1,200 ni kama wati 895,000), gawa kwa uzito wa hewa ya baharini 1.225, gawa kwa mizunguko ya elisi kwa sekunde (25.3) kipeo cha tatu, gawa kwa upana wa elisi kipeo cha tano. Utapata 0.086 hivi. Kama kwenye pembe ndogo ndogo za panga, zile za kurukia, tablo yako haina namba ya jirani na hiyo, ujue ni tablo ya ndege ndogo ya Cessna imevaa jina la DC-3. Tablo za kweli zipo: NACA, shirika la Marekani la utafiti wa ndege, ilipima elisi kubwa za mapanga mawili, matatu na manne, ikachapisha yote mwaka 1938 kwenye ripoti namba 640, inasomwa bule, na vichoro vyake viko vilevile JSBSim inavyotaka. Angalia kitu kimoja tu, NACA inapima pembe ya panga kwenye robo tatu ya urefu wake kutoka katikati, na elisi ya Hamilton Standard Hydromatic ya DC-3 pembe zake zinapimwa inchi 42 kutoka katikati. Panga limejikunja, kwa hiyo digrii 16 za hapa si digrii 16 za kule. Watu wanapotelea hapa kila siku na wanasingizia moteri.

Papa wa rubriki, ndani ya DC-3 yangu, moteri bado zimezimwa, sindano ya presha ya hewa ya moteri inaonyesha karibu 25. Nikienda Kinshasa inaonyesha karibu 29. Ni mdudu wa programu? Nataka kuilazimisha ianze kwa zero. (Msomaji wa Himbi, Goma)

Usiguse! Hiyo ndiyo dalili kwamba aliyetengeneza saa yako alikuwa na akili. Ile sindano inapima presha ya hewa iliyo ndani ya bomba la kuingizia hewa, na moteri ikiwa imezimwa hewa ya ndani na ya nje ni ileile, kwa hiyo inakusomea hewa ya uwanja. Uwanja wa Goma uko karibu mita 1,550 juu ya bahari, presha yake ya kawaida ni kama inchi 25 za zebaki, baharini ni 30 kasoro kidogo. Lubumbashi, Luano, utasoma kati ya 25 na 26. Kavumu, uwanja wa Bukavu, 24 na kidogo. Rubani wa zamani alikuwa anaangalia namba hiyo kabla ya kuwasha, akisukuma gazi kiisha ili kujaribu moteri anajua imefika wapi kulinganisha na hewa ya pale.

Sasa washa moteri na uangalie kitu kingine. Moteri isiyo na kompreseri (pampu ya kusukumia hewa ndani ya moteri), hata uisukume namna gani, Goma haiwezi kupita hiyo 25, itavuta hewa iliyopo na basi. R-1830 iko na kompreseri ndani, inaendeshwa na gia kutoka kwenye kranki, ndiyo inapandisha mpaka 48 wakati wa kuruka. Kwa hiyo DC-3 yako ikisimama Goma na gazi yote, sindano ikibaki kwenye 25, umetengeneza moteri isiyo na kompreseri. Ikienda 48 Goma na ikaenda 48 vilevile ukiwa futi 15,000, umetengeneza uchawi. Nguvu ya kupandia, farasi 1,050 kwa mizunguko 2,550, moteri hii inaishikilia mpaka futi 7,500 hivi, juu ya hapo kompreseri inashindwa na sindano inaanza kushuka yenyewe hata ukiwa umesukuma yote. Lazima ushuke huo uonekane.

JSBSim iko na mtego wake hapa: namba za boost (presha inayotolewa na kompreseri) haizitaki kwa inchi za zebaki, inataka psi (pauni kwa inchi mraba), tena psi za juu ya presha ya baharini. Inchi 48 ni psi 23.6, toa 14.7, inabaki 8.9. Aliyeandika 48 pale ndege yake inaondoka sawa roketi na anakuja kuniambia DC-3 ilikuwa ndege ya ajabu.

Nimetengeneza Gipsy Moth, moteri ya farasi 100 bila kompreseri, elisi ya mbao isiyogeuka pembe. Kinshasa inaruka bien. Kavumu inakula piste nusu zaidi, hapo nakubali, hewa ni nyepesi. Lakini nimesimama na breki, gazi yote, mizunguko ni karibu ileile ya Kinshasa! Kama moteri imepoteza nguvu mizunguko ingeshuka, ama? Naona simuleta inanidanganya. (Dada wa Ibanda, Bukavu)

Dada, hili swali nimelipenda kuliko yote ya mwezi huu, na simuleta haikudanganyi.

Hewa ikiwa nyepesi vitu viwili vinapungua kwa pamoja. Moteri inapata hewa kidogo, inatoa nguvu kidogo. Lakini na elisi inakata hewa ileile nyepesi, inakuwa laini kuizungusha. Kavumu uwanja uko mita 1,720, mchana wa digrii 25 hewa inabaki asilimia 78 hivi ya hewa ya baharini. Moteri ya farasi 100 inabaki na farasi kama 76, inapoteza kidogo zaidi kuliko hewa kwa sababu msuguano wa pistoni na kranki haupungui, huo unalipwa uleule juu na chini. Mzigo wa elisi nao umeshuka mpaka 78. 76 na 78 ziko jirani, kwa hiyo mizunguko inashuka kama asilimia mbili tu: elisi iliyosimama kwenye 1,850 baharini, Kavumu itasimama kwenye 1,815 ao 1,820. Sindano ya saa ya zamani inatetemeka kuliko hiyo tofauti.

Kinachopotea ni mvuto. Mizunguko ileile, panga lilelile, hewa asilimia 78, basi mvuto nao unakaribia asilimia 75. Na mabawa yanadai mbio zaidi ili yabebe ndege ileile, karibu asilimia 13 zaidi ya baharini. Ukikusanya hizo mbili ndipo piste inapoisha. Kwa hiyo usipime moteri ya elisi isiyogeuka kwa kuangalia mizunguko peke yake, utaona kila kitu kiko sawa na mwisho wa piste unakuja. Pima muda kutoka kuachia breki mpaka mbio fulani, Kinshasa na Kavumu, halafu linganisha.

Kama mizunguko yako ingeshuka kwa asilimia 15, hapo ndipo ningesema faili iko na kosa, mara nyingi ni elisi ambayo haisomi uzito wa hewa, inasoma moteri tu.

Tena usifikiri ni shida ya kwetu peke yetu. Boeing 247 ya mwaka 1933, ndege ya abiria ya chuma, moteri mbili, ilipoanza na elisi zisizogeuka ilipata taabu kwenye viwanja vya milima ya Marekani, Cheyenne uko juu kuliko Kavumu. Hamilton Standard wakaleta elisi yenye pembe mbili, moja ya kurukia na moja ya safari, ndege ileile moteri ileile ikaanza kupanda vizuri. Hiyo ni kazi nzuri ya kutengeneza ndani ya simuleta kwa mtu anayetaka kuelewa elisi: tengeneza 247 na elisi za namna zote mbili, ziweke Goma, uone.

Nimechonga R-1830 ndani ya Blender (programu ya kuchonga maumbo), silindri zote 14, kila pezi la kupoza peke yake, mpaka buji. Ni mzuri kabisa. Lakini nikiiweka ndani ya ndege ordinateri inachemka na picha zinakuja moja moja. (Msomaji wa Birere, Goma)

Imagineni silindri moja ya Twin Wasp iko na mapezi mangapi, mara 14, mara moteri mbili. Hakuna karte grafike ya bei ya Birere itakayobeba hiyo.

Chonga silindri moja ya kawaida, bomba lenye pande 16 linatosha, mapezi uyaweke kwenye picha ya kufunika na ile ramani ya vivuli vya uso, si kwenye umbo. Mwanga ukipita jicho halitajua. Kisha nakili silindri hiyo mara saba kwa kuizungusha digrii 51.4 kila moja, huo ndio mstari wa mbele. Mstari wa nyuma ni nakala ileile imezungushwa digrii 25.7, ili kila silindri ya nyuma ichungulie katikati ya mbili za mbele, kwa sababu bila hivyo haipati upepo. Nimeona mifano mingi ya kulipia yenye mistari miwili iliyofichana, silindri nyuma ya silindri, na mwenye kuuza anasema ni historia tupu. Moteri ya namna hiyo ingeungua.

Weka nguvu zako pale macho yanapofika: pua ya gia iliyo na umbo la kuba, ule mkanda wa nyaya za buji unaozunguka, na yale mabomba mawili ya kusukumia valvu mbele ya kila silindri ya mbele. Mabomba ya mstari wa nyuma yako upande wa nyuma, kwa sababu R-1830 iko na kamu (kinachosukuma valvu) mbele na kamu nyuma, huyaoni, basi usiyachonge. Magneto nazo (zile zinazotoa umeme wa buji) kwenye R-1830 ziko nyuma. Anayetengeneza DC-4 aangalie, R-2000 yake inafanana sana lakini magneto zimehamia mbele.

Na elisi usiiache umbo moja tu. Zinatakiwa hali tatu: iliyosimama, inayozunguka pole pole, na ile ya ukungu wakati moteri iko juu. Ukiacha mapanga ya kweli yazunguke 1,519 kwenye skrini ya picha 30 kwa sekunde, unaona elisi inarudi nyuma, na wageni wako wote watacheka.

Mutoto wangu mwanaume anakesha na hii mambo ya elisi, ananiambia ni masomo. Anasoma kweli ao ananidanganya? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Mama, heshima kwako. Umwombe akueleze bila kufungua ordinateri juu ya nini ncha ya panga isipite mbio za sauti. Akieleza ukaelewa, anasoma, ni fizike ya kweli. Akianza "mama, ni ngumu kukueleza", mukatie koneksio saa tatu usiku.

Nataka kutengeneza ile ndege ya Thieffry, ya kwanza kutoka Ubelgiji mpaka Kongo. Moteri zake tatu hazifanani. Naweza kuweka moteri tatu sawa tu ili nisisumbuke? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Unaweza, lakini utakuwa umetupa kitu kitamu kuliko vyote. Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, wakafika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51, na Handley Page W8f iliyoitwa Princesse Marie-José. Puani ilikuwa na Rolls-Royce Eagle ya farasi 360, silindri 12 kwa umbo la V, iliyo na gia. Mabawani, Siddeley Puma mbili za farasi 240, silindri sita zimepangwa mstari mmoja, bila gia, elisi inazunguka na kranki kwa mizunguko 1,400 hivi. Zote zinapozwa kwa maji, kwa hiyo joto la maji ndilo saa ya kuangalia, si joto la silindri.

Tengeneza faili mbili za moteri na faili mbili za elisi, si moja moja. Halafu zima ya puani ukiwa hewani: unapoteza farasi 360 kati ya 840, karibu asilimia 43, lakini ndege inabaki imenyooka, inashuka tu. Zima ya bawa moja: unapoteza asilimia 29, pungufu ya ile ya puani, lakini pua inavutwa pembeni na mguu wako unachoka. Kuzima ipi ni hatari zaidi? Kwa ndege nzito juu ya msitu mimi ningechagua kupoteza ya bawa, wengine watabisha. Moteri tatu sawa hazikupi huu mjadala.

Sopwith Camel yangu, ile ya kivita ya Vita ya Kwanza ya Dunia, inaruka sawa ndege ya mafunzo, pole kabisa. Watu wanasema ilikuwa inaua marubani wapya. Nimeongeza nguvu ya moteri, haibadiliki. (Kijana wa Panzi, Bukavu)

Nguvu si yake. Camel nyingi zilibeba Clerget ya farasi 130, na hiyo ni moteri ya rotari ya zamani: kranki imefungwa kwenye ndege na haizunguki, silindri zote tisa ndizo zinazozunguka pamoja na elisi. Ni moteri ya karibu kilo 170, na sehemu kubwa ya chuma hicho inazunguka mbele ya magoti ya rubani. Faili yako ya elisi iko na mstari wa ixx, uzito wa kuzunguka, na bila shaka umeandika wa elisi ya mbao peke yake. Ongeza na wa moteri. JSBSim yenyewe itatoa tabia ya pia (ile ya watoto ya kuzungusha) kutoka kwenye hiyo namba: elisi ya Camel ikiangaliwa kutoka kiti cha rubani inazunguka kama mishale ya saa, ukikata kulia pua inazama, ukikata kushoto pua inapanda. Ndipo utaona kwa nini kona ya chini chini baada ya kuruka ilikuwa kaburi.

Usiongeze kumbo la kupindua ndege upande mmoja kwa nguvu za uongo, naona wengi wanafanya hivyo. Moteri ikiwa kwenye mizunguko ileile, inapindua ndege sawasawa na moteri yoyote ya nguvu hiyo. Ule uzito unaonekana pale tu pua inapogeuka ao mizunguko inapobadilika.

Gazi nayo isiwe laini kama ya gari. Rubani alikuwa na kitufe cha kukata moto wa buji, anakata, anaachia, anakata, anaachia, ndivyo anavyoshuka. Na mafuta ya kulainisha yalikuwa ya mbarika, kwa sababu hayachanganyiki na esansi, yanatoka yote na moshi. Ukitaka kuchora mafuta usoni mwa kioo cha mbele, ruhusa.

Tiger Moth yangu inavuta kulia wakati wa kuruka, na zingine zote zinavuta kushoto. Nimekosea? (Msomaji wa Bel-Air, Lubumbashi)

Hapana. Moteri yake, Gipsy Major, inazunguka kinyume cha mishale ya saa ukiwa umekaa ndani, kwa hiyo inavuta kulia. Twin Wasp inafuata mishale ya saa, inavuta kushoto. Ni mstari wa sense, 1 ao -1. Ukigeuza mstari, geuza na umbo la mapanga ndani ya Blender, isije elisi ikazunguka huku mgongo wa panga unakata hewa.

Mimi sina karte grafike, ordinateri yangu ni ya zamani, kurani nayo inakuja na kuondoka. Naweza kutengeneza moteri bila kuona ndege? (Kijana wa Ndosho, Goma)

Unaweza, na kwa kweli ndivyo ningependa wote waanze. JSBSim inafanya kazi peke yake bila picha hata moja, unaiandikia skripti ya kusema weka ndege Goma, washa, gazi yote, achia breki, na inakutolea faili ya namba unayoifungua kwenye Excel ao LibreOffice. Betri inadumu, kwa sababu hakuna kinachochorwa.

Kwa DC-3 angalia mambo haya kabla ya kitu kingine: moteri ikiwa imezimwa Goma, presha isome karibu 25. Gazi yote, regilateri (kifaa cha kushikilia mizunguko) ishikilie 2,700 na isipite, na presha ifike jirani ya 48. Ukipunguza mpaka mizunguko 2,050 na presha 28 ao 30 kwa safari, mizunguko ikae palepale hata ukiinua ao kushusha pua kidogo, kwa sababu regilateri inageuza pembe ya mapanga kufuata mbio; kama mizunguko inapanda na kushuka na pua, regilateri yako imelala ama pembe ya chini na ya juu umeziandika karibu sana. Hydromatic ya DC-3 inatoka digrii 16 mpaka 88, ile 88 ni ya kulaza panga likate upepo kama kisu moteri ikifa. Jaribu na hilo pia, zima moteri moja, laza mapanga, uone kama mbio zinapotea kidogo kuliko ukiacha elisi inajizungusha ovyo. Zikipotea sawasawa, tablo yako haijafika kwenye pembe kubwa, imeishia njiani. Na mazingira ya Goma uliyonayo, angalia piste ni ya kabla ao ya baada ya lava ya Januari 2002, lava ilifunika kipande, usije ukalaumu moteri kwa mita ambazo hazipo.

Faili za moteri na elisi ni maandishi matupu, zinapita kwa WhatsApp bila kula mega, mnaweza kunitumia. Za Blender punguzeni poligoni kwanza.